Mzee Anaposahau, Nyumba Isivunjike



Katika mafundisho ya ndoa tumezoea kuzungumza juu ya pesa, watoto, ulevi na uaminifu. Ni mara chache tunazungumza juu ya jambo ambalo huingia nyumbani polepole bila kupiga hodi, nalo ni kusahau kwa wazee wetu. Jambo hili limewagombanisha waume na wake wengi ambao hapo mbeleni waliishi kwa amani. Katika somo hili tutajifunza ni mambo gani yanayopunguza nguvu za akili ya mzee, awe ni mgonjwa au ni mzima, na jinsi mume na mke wanavyoweza kushikamana wakati huo mgumu.

1. Ugomvi unavyoanza

Hebu tutoe mfano. Mama wa miaka 76 amehamia nyumbani kwa mwanawe. Baada ya miezi michache anamwambia mwanawe kwamba mkewe amemwibia shilingi elfu mbili. Kesho yake anasema ameibiwa leso. Kesho kutwa anawaambia majirani kwamba hajapewa chakula tangu asubuhi, kumbe amekula mara mbili. Mume akirudi jioni anamsikiliza mama yake, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kumsikia akisema uongo. Anamkaripia mkewe. Mke analia, na mwisho anafunga mizigo kurudi kwao.

Je, ni nani mwongo katika nyumba hiyo? Hakuna. Mke hakuiba. Mama naye hasemi uongo. Alizificha pesa zile mwenyewe chini ya godoro, akasahau kwamba alizificha, na akili yake ikatafuta sababu ya kuzikosa. Aliyekuwa karibu ni mke wa mwanawe, basi lawama ikamwangukia yeye.

Ndugu zangu, hili ndilo neno kuu la somo letu: kabla hujahukumu moyo wa mtu, tafuta kwanza kujua ni nini kimegusa akili ya mzee. Mara nyingi kuna sababu, na mara nyingine sababu hiyo ina dawa.

2. Uzee si ugonjwa

Ni kawaida mtu mwenye umri mkubwa kufikiri polepole kuliko kijana. Anaweza kusahau jina la jirani na kulikumbuka baada ya saa moja. Anaweza kutafuta miwani ambayo ameivaa kichwani. Anaweza kuchelewa kujifunza kutuma pesa kwa simu. Hayo hayapaswi kututia hofu, maana mzee huyo bado anaendesha maisha yake, bado anajua shamba lake na hesabu zake, na hekima yake ya kuamua mambo inaweza hata kuwa imeongezeka.

Dalili za kututia wasiwasi ni hizi: mzee anapotea katika njia aliyoipita miaka arobaini, anauliza swali lile lile mara kumi asubuhi moja, anashindwa kazi aliyoizoea, kama vile kupika ugali au kukamua ng'ombe, kwa sababu hajui tena hatua inayofuata, anashindwa kuhesabu pesa zake sokoni, tabia yake inageuka, mpole anakuwa mkali, au mwenye haya anaanza kusema maneno ya aibu.

Dalili kama hizi zikiendelea kuongezeka kwa miezi na miaka hadi mtu ashindwe kujisimamia, huenda ana ugonjwa ambao madaktari huuita demensia. Demensia ni jina la kundi la magonjwa yanayoharibu ubongo. Ule unaopatikana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao huchukua kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote wa demensia. Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeeleza habari zake mwaka 1906 baada ya kuuchunguza ubongo wa mwanamke mmoja aliyemtibu. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, kama ilivyo kwa watu waliopatwa na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zenye mapato madogo na ya kati kama yetu. Hivyo tusifikiri kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu.

3. Mambo yanayoificha akili ya mzee

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hukosea. Si kila mzee anayechanganyikiwa ana demensia. Yako mambo mengi yanayoweza kumfanya mzee mwenye ubongo mzima aonekane amepoteza akili. Tuyaangalie moja moja.

(a) Masikio na macho. Mzee asiyesikia vizuri hujibu mambo ambayo hayakuulizwa. Watu husema amechanganyikiwa, kumbe hakusikia. Baadaye anachoka kuuliza "umesema nini?" na anajinyamazia pembeni. Akili isiyozungumza na watu hudhoofika. Ni vivyo hivyo kwa macho. Mtoto wa jicho humfanya mzee ashindwe kutambua nyuso. Hospitalini mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo, na nta iliyoziba masikio husafishwa. Usiingize njiti masikioni mwa mzee.

(b) Maambukizi na homa. Mzee aliyekuwa na akili timamu Jumapili, na ifikapo Jumanne anaweweseka, anaona vitu visivyokuwepo au analala mchana kutwa bila kuamshika vizuri, huyo si wa kungojewa. Akili kuharibika kwa siku moja au mbili ni dalili ya ugonjwa mwilini, kama vile malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au kukaukiwa maji. Wakati mwingine ni kiharusi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Demensia huja polepole; kuweweseka huja ghafla. Tena kuweweseka huko humpata kwa urahisi zaidi mzee ambaye tayari ana demensia, nasi hukosea kwa kusema, "Ugonjwa wake umezidi tu."

(c) Dawa. Fungueni mfuko wa dawa wa mzee muone. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za mafua na za kujikuna kama Piriton, na baadhi ya dawa za maumivu ya neva zinaweza kumchanganya mzee, hasa zikiwa nyingi pamoja. Mwenye ugonjwa wa sukari akimeza dawa au kudungwa insulini bila kula, sukari yake inaweza kushuka na akaanza kusema ovyo au kuzimia. Msimwachishe dawa kwa uamuzi wenu wenyewe. Chukueni dawa zote, hata zile za kununua dukani na za miti shamba, mkamwonyeshe daktari.

(d) Huzuni. Mzee aliyefiwa na mwenzi wake anaweza kuacha kula, kuacha kuoga, kusahau mambo na kujibu "sijui" kwa kila swali. Watu husema ni uzee, kumbe moyo umevunjika. Huzuni nzito kama hiyo ni ugonjwa unaotibika kwa dawa, kwa mazungumzo na kwa kuwa na watu. Dalili moja ya kusaidia ni hii: mwenye huzuni mara nyingi hulalamika mwenyewe kwamba anasahau, lakini mwenye demensia mara nyingi husema hana shida yoyote, na ni watu wa nyumbani wanaolalamika.

(e) Chakula na damu. Wazee wengi wanaoishi peke yao hula chai na mkate asubuhi, na chai na mkate jioni. Vitamini iitwayo B12 hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa, na tumbo la mzee huifyonza kwa shida. Watu waliotumia dawa ya kisukari iitwayo metformin kwa miaka mingi wako hatarini zaidi kuikosa. Vitamini hiyo ikipungua sana, kumbukumbu huharibika na miguu hufa ganzi. Tezi la shingo likifanya kazi kidogo kuliko inavyotakiwa, akili pia hupungua kasi. Yote mawili hupimwa kwa damu na hutibiwa.

(f) Pombe. Chang'aa na pombe nyingine zikinywewa kwa wingi miaka mingi huharibu ubongo moja kwa moja. Tena mlevi huanguka na kujigonga kichwa. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu kwa majuma kadhaa baada ya kuanguka, na mzee akaonekana ana demensia. Kama mzee alianguka hivi karibuni, hata kama si mlevi, mwambieni daktari.

(g) Magonjwa tunayoona haya kuyataja. Virusi vya UKIMWI na kaswende isiyotibiwa vinaweza kuugusa ubongo. Daktari akiomba kumpima mzee, msikasirike. Hamtukani mzee wenu kwa kumpima.

(h) Usingizi na maumivu. Mzee asiyelala usiku kwa sababu ya magoti, au kwa sababu anaamka kwenda haja mara tano, hawezi kuwa na akili kali mchana. Hata kijana hawezi.

Kwa hiyo, mume na mke wanapoona mzee anabadilika, hatua ya kwanza ni kumpeleka kwa daktari, si kwa mganga. Na wasiende mikono mitupu. Waandike katika daftari: shida ilianza lini, ilianza ghafla au polepole, anakula nini, analala namna gani, anatumia dawa gani, aliwahi kuanguka au la. Daftari kama hilo humsaidia daktari sana.

4. Kipimo cha akili na masomo ya shule

Hospitalini mzee anaweza kuulizwa maswali mafupi: leo ni tarehe gani, tuko wapi, rudia maneno haya matatu, toa saba kutoka mia na uendelee kutoa, nakili mchoro huu. Kipimo kimoja maarufu cha namna hiyo kilitungwa Marekani mwaka 1975 na kina alama 30.

Kipimo hicho kina faida, lakini kuweni na busara. Mama mwenye umri wa miaka 80 leo alizaliwa wakati wa ukoloni. Wasichana wengi wa umri wake hawakupelekwa shule. Labda hajawahi kushika kalamu. Ukimwambia achore au atoe saba kutoka mia kwa Kiingereza, akashindwa, je, amepoteza akili? Mama huyo huyo huenda anajua ng'ombe yupi atazaa mwezi gani, na ni nani katika kijiji anadaiwa kiasi gani na chama. Kwa upande mwingine, mwalimu mstaafu anaweza kupata alama nzuri na huku mkewe anajua wazi kwamba mume wake si yule wa zamani. Elimu, lugha, woga, njaa na uchovu wa safari vyote huathiri majibu.

Kwa hiyo msimlinganishe mzee wenu na mzee wa jirani. Mlinganisheni na yeye mwenyewe wa miaka mitano iliyopita. Shahidi bora wa jambo hilo ni mtu aliyeishi naye, hasa mwenzi wake wa ndoa. Muombeni daktari atumie lugha anayoielewa mzee, na mhakikishe amekunywa chai, amevaa miwani yake na amepumzika kabla ya kuulizwa.

5. Tulichojifunza kutoka kwa masista

Wasomaji wetu watafurahi kujua kwamba masista wa Kanisa wamesaidia sana katika elimu hii. Mwaka 1986 mtaalamu aitwaye David Snowdon alianza huko Marekani uchunguzi juu ya masista wa shirika la School Sisters of Notre Dame. Masista 678 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walikubali kupimwa kumbukumbu kila mara, na kuutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Waliteuliwa kwa sababu waliishi maisha yanayofanana: chakula kimoja, nyumba moja, kazi moja ya kufundisha, bila sigara.

Mambo mawili yalionekana. La kwanza, baadhi ya masista waliofariki wakiwa na akili nzuri walikutwa ubongo wao umejaa alama za ugonjwa wa Alzheimer. Mmoja wao alifariki akiwa na miaka 101, na alikuwa akifanya vizuri katika vipimo. Yaani ubongo uliotumika vizuri maisha yote unaweza kubeba ugonjwa mwingi kabla ya kulemewa. La pili, masista waliokuwa na alama za Alzheimer pamoja na viharusi vidogo katika ubongo walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko wale wenye alama za Alzheimer peke yake. Hivyo kuilinda mishipa ya damu kunasaidia hata kwa mtu ambaye ugonjwa umeshaanza. Presha ya mzee si jambo la kupuuza.

6. Siku njema na siku mbaya

Ikiwa daktari amethibitisha kwamba ni demensia, je, hakuna la kufanya? Liko. Demensia yenyewe haina dawa ya kuiponya kabisa, lakini akili ya mgonjwa hupanda na kushuka kufuatana na hali inayomzunguka. Mambo yale yale tuliyoyataja, yaani masikio, maumivu, maambukizi na dawa, humzidishia mgonjwa taabu. Mengine ni haya:

Kuhamishwa. Mama wa Siaya au Nyeri anaweza kujimudu nyumbani kwake miaka mingi kwa sababu miguu yake inajua njia ya kisimani na mikono yake inajua mahali pa kijiko. Mlete Nairobi katika nyumba ya ghorofa ya nne, na ndani ya juma moja anaonekana amezidiwa. Hajui mlango wa choo, hamjui mtu yeyote, na hakuna kazi ya mikono yake. Kama hakuna budi kumhamisha, mleteni pamoja na vitu vyake alivyovizoea: blanketi lake, kiti chake, Rozari yake, picha ya marehemu mumewe.

Jioni. Wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi jua linapotua. Washeni taa mapema, punguzeni kelele za televisheni, na msimpokelee wageni wengi wakati huo.

Kukosa kazi. Msimnyang'anye mzee kila kitu kwa kumhurumia. Mpeni kunde achambue, mahindi apukuchue, nguo akunje. Hata akikunja vibaya, mshukuruni.

Maneno yetu. Usimtahini kwa kumuuliza, "Unanijua mimi ni nani?" Jitambulishe: "Shikamoo mama, ni mimi mwanao, nimetoka kazini." Usimuulize maswali matatu kwa pamoja. Akisema anataka kwenda nyumbani kwa mama yake aliyefariki zamani, usimwambie kwa ukali, "Mama yako alikufa!" Kwake yeye huo ni msiba mpya kila siku. Muombe akusimulie habari za mama yake.

Sala na nyimbo. Mzee aliyesahau majina ya watoto wake mara nyingi bado anakumbuka Salamu Maria na nyimbo za utotoni, kwa sababu zilichimba mizizi zamani. Salini naye kwa sauti. Mwambieni Paroko ili apelekewe Komunyo na apewe Mpako wa Wagonjwa.

7. Mume na mke wafanye nini?

Turudi katika nyumba ile ya shilingi elfu mbili.

Kwanza, mume na mke wakubaliane wakiwa peke yao kwamba adui ni ugonjwa, si mke wala mama. Mume amwambie mkewe wazi, "Najua hukuiba." Maneno haya mawili yanaweza kuokoa ndoa. Mke naye asiyachukue maneno ya mama mkwe kama maneno ya mtu mzima wa akili.

Pili, mzee akisema ameibiwa, msibishane naye. Mwambieni, "Twende tutafute pamoja." Jifunzeni mahali anapopenda kuficha vitu. Mwachieni akiba ndogo mkononi, na pesa kubwa zitunzwe mahali pengine kwa idhini ya familia.

Tatu, kazi zigawanywe. Katika makabila yetu mengi ni mwiko mwana wa kiume kumwogesha mama yake, na kwa sababu hiyo mzigo wote huangukia mke. Mume asijifiche nyuma ya mila. Awaite dada zake washike zamu, maana mama ni wao pia. Ndugu walio mbali wachangie gharama za msaidizi. Naye mume achukue kazi nyingine: kupika, kufua, kukesha naye usiku, kumpeleka kliniki. Mke anayemhudumia mama mkwe apate angalau siku moja katika juma ya kupumzika na ya kwenda Misa bila kukimbia.

Nne, mambo ya mali yamalizwe mapema. Kwa sheria ya Kenya anayeandika wosia sharti awe na akili timamu. Mzee angali na akili zake, akae na wakili na watoto wote aseme anavyotaka. Kumshikisha kidole gumba kwenye karatasi ya shamba wakati hajui anachokitia sahihi ni wizi na ni dhambi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo ya familia zao na ya Serikali.

Tano, msimwite mzee mchawi. Mzee anayetembea usiku, anayesema peke yake, au anayekutwa katika boma la watu bila kujua alifikaje, ni mgonjwa aliyepotea. Katika kaunti za Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 akina mama wanne waliuawa huko Kisii kwa tuhuma kama hiyo. Mkristu akisikia maneno hayo yameanza kijijini, asinyamaze.

8. Ikiwa mgonjwa ni mwenzi wako

Wakati mwingine anayesahau si mama mkwe bali ni mume au mke mwenyewe. Mama mmoja anaweza kufikiri kwamba mume wake ameacha kumpenda: hamjibu, amesahau siku ya ndoa yao, anatumia pesa ovyo, anamkasirikia bila sababu. Anahisi kuna mwanamke mwingine. Huenda yupo, sikatai. Lakini ikiwa mabadiliko haya yamemjia mtu mwaminifu akiwa na miaka 65, na pamoja nayo anasahau na kupotea, mpeleke hospitali kabla ya kumpeleka kwa wazee.

Mbele ya altare mliahidiana uaminifu hata katika ugonjwa. Wengi hufikiri ugonjwa maana yake ni kulala kitandani. Huu ni ugonjwa ambao mwenzi wako anakutazama na hakutambui. Hapo ahadi inabaki mikononi mwa mmoja kwa niaba ya wawili. Yeye amesahau ndoa yenu. Wewe ikumbuke kwa ajili yake. Lakini usiibebe peke yako. Waambie watoto, iambie Jumuiya, mwambie Padre. Kilio cha mtu anayemuuguza mwenzi wake si ukosefu wa imani.

9. Tujikinge tungali na nguvu

Mwaka 2024 kundi la wataalamu waliokutanishwa na jarida la Lancet la Uingereza walitaja mambo 14 ambayo tukiyashughulikia, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mengi tumeyataja: elimu ndogo utotoni, kutosikia, kutoona, presha, kisukari, lehemu nyingi katika damu, unene kupita kiasi, kukaa bila mazoezi, sigara, pombe nyingi, huzuni nzito, kuumia kichwa, upweke na hewa chafu.

Katika orodha hiyo kuna kazi kwa kila umri. Wazazi vijana, wapelekeni watoto shule, wasichana kwa wavulana. Abiria wa bodaboda, vaeni helmeti. Wenye miaka 40, pimeni presha ingawa hamsikii ugonjwa, na iwe 130 au chini ya hapo kwa namba ya juu. Wazee, msijifungie nyumbani: nendeni kwa Jumuiya, imbeni kwaya, wafundisheni wajukuu. Huko Finland watu 1,260 wenye umri wa kati ya miaka 60 na 77 walifuatwa kwa miaka miwili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2015. Wale waliosaidiwa kula vizuri, kufanya mazoezi, kuishughulisha akili na kuangalia presha yao walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili kuliko wenzao waliopewa mashauri ya kawaida tu.

Mwisho

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 3, kinamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zake zikimpungukia. Maana yake, tangu zamani watu wa Mungu walijua kwamba siku hiyo huja, nao waliiweka ndani ya wajibu wa kuwaheshimu wazazi. Baba Mtakatifu Fransisko naye mwaka 2021 aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai. Siku hiyo tusiishie kupiga makofi kanisani. Mume na mke wakae chini waulizane: wazee wetu wa pande zote mbili wanasikia? Wanaona? Presha yao ilipimwa lini? Kuna anayewazungumzisha?

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika familia yetu, je, yupo mzee aliyebadilika? Alibadilika ghafla au polepole? Tumempeleka kwa daktari?
2. Ni nani anayebeba mzigo mkubwa wa kumtunza? Wengine tunaweza kushika zamu gani?
3. Je, mume na mke tumewahi kukosana kwa sababu ya maneno ya mzee? Tungefanyaje tukijua ni ugonjwa?
4. Jumuiya yetu inaweza kumsaidia nani mwezi huu, hata kwa kukaa na mgonjwa saa mbili ili mtunzaji wake aende Misa?

Tuombe: Ee Mungu Baba, wewe humsahau mtu yeyote. Uwaangalie wazee wetu waliosahau, na uwape waume na wake wanaowatunza uvumilivu na umoja. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.